Texas ya unga na chumvi

Jumatano moja mwezi wa kumi binti yangu alirudi shule na karatasi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa begi, akaniwekea mezani nikiwa nakunywa chai kabla sijaenda kulala, maana nilikuwa nimetoka safari ya usiku. Karatasi inasema mwanafunzi atengeneze ramani ya Texas, aonyeshe kanda nne za jiografia, mito mitano na miji mitano, anapewa wiki mbili. Yuko darasa la nne. Hapa Texas darasa la nne ndio mwaka wa kulisoma jimbo lenyewe, ardhi yake na historia yake, halafu wakifika darasa la saba wanalirudia tena kwa kina zaidi. Na kila asubuhi wakishaapa kwa bendera ya Marekani wanaapa tena kwa bendera ya Texas, kitu ambacho kilinishangaza sana mwaka wa kwanza anaanza shule.

Sasa mimi naendesha semi, huu mwaka wa tisa. Barabara ya Interstate 10 naijua kama njia ya kwenda chooni usiku. Ukiingia Texas kutoka Louisiana pale Orange unakutana na kibao kinasema Beaumont maili 23, El Paso maili 857, na ukiipiga yote mpaka utokee upande wa New Mexico umetembea zaidi ya kilomita 1,400 bila kutoka ndani ya jimbo moja, ni kama kutoka Dar mpaka Bukoba. Kwa hiyo nilipoiona ile karatasi nikasema hii tunaimaliza wikiendi moja, baba yako kila siku yuko huko, niulize chochote.

Akaniuliza, "Baba, kwa nini San Antonio iko pale ilipo?"

Nikakaa kimya. Nimeshusha mizigo San Antonio sijui mara ngapi, najua mizani iko wapi na lori zinalala wapi, ila kwa nini mji uko pale sikuwahi hata kujiuliza. Na ndipo nikaona kwamba miaka 11 niliyokaa hapa nimekaa kama abiria stendi, begi liko miguuni, nasubiri gari la kurudi nyumbani. Ardhi ya watu nimeipita tu. Mwanangu yeye amezaliwa hapa, yeye hasubiri gari lolote.

Basi tukaanza kusoma pamoja, usiku wa siku ambazo sina safari.

Kanda ni nne: Nyanda za Pwani, Nyanda za Kati Kaskazini, Nyanda Kuu, na Milima na Mabonde huko magharibi kabisa ambako ndiko kuna Guadalupe Peak, mlima mrefu kuliko yote Texas, mita 2,667. Eneo la jimbo zima ni kilomita za mraba zaidi ya 695,000, yaani Kenya inaingia humo na nafasi inabaki, sisi Watanzania ndio tunawazidi. Mashariki kule mpakani na Louisiana mvua inakaribia milimita 1,500 kwa mwaka, misitu na mabwawa, El Paso mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 250. Hilo nilikuwa nalijua kwa macho, kwamba unatoka Houston wiper zinafanya kazi na kesho yake unaamkia vumbi, ila sikuwa najua kwamba kuna mstari kabisa katikati ya jimbo ambapo ardhi inabadilika.

Huo mstari unaitwa Balcones Escarpment, ni ukingo wa miamba, mashariki yake nchi iko chini na udongo ni mweusi mzito, magharibi yake vinapanda vilima vya mawe ya chokaa vyenye udongo mwembamba. Maji ya mvua yanazama kwenye yale mawe huko juu, yanatembea chini kwa chini, yakifika kwenye ukingo yanatoka kama chemchemi. San Antonio, New Braunfels, San Marcos, Austin, yote ni miji ya chemchemi, imepangana kwenye ukingo mmoja kama shanga, na barabara ya Interstate 35 inapita humo humo. Watu walikuwa wanakunywa maji hapo muda mrefu sana kabla Mhispania hajafika mwaka 1718 kuanzisha San Antonio. Kwa hiyo jibu la mwanangu lilikuwa maji. Na ule udongo mweusi wa mashariki ndio uliozaa pamba, na mawe ya magharibi yakabaki ya ng'ombe na mbuzi, na hili la pamba nitalirudia kwa sababu ndilo lililotuletea maneno.

Ramani yenyewe tulifinyanga kwa unga wa ngano vikombe vinne, chumvi kikombe kimoja na maji, tukaitandaza juu ya boksi la piza. Mama yake alitaka tupime na rula, binti akakataa, alikuwa amechora umbo kwa penseli kwa kuangalia tu. Milima ya magharibi akaibana kwa vidole viwili viwili mpaka ikasimama. Mito ni uzi wa bluu wa kufumia, ule wa Rio Grande ulikuwa mrefu kuliko yote, ndio mpaka na Mexico kwa karibu kilomita 2,000, akaukandamiza kwenye unga mbichi kwa kijiti cha meno hatua kwa hatua, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Tukaacha ikauke siku tatu juu ya friji. Siku ya tatu naishusha, ile sehemu ya kaskazini inayochomoza juu, wenyewe wanaiita mpini wa kikaango, ikakatika ikabaki mkononi mwangu. Alilia. Tukakoroga unga kidogo na maji tukaibandika, ufa ukabaki unaonekana, yeye akapaka rangi ya kahawia juu yake akasema itakuwa barabara.

Hapo mpaka kwenye ramani mambo yalikuwa mazuri. Kisha ikaja historia.

Niseme kwanza vitu nilivyovipenda. Nilipenda kwamba wanaanza na watu waliokuwepo. Jina Texas lenyewe limetokana na neno la Wacaddo, wenyeji wa asili wa huku, lenye maana ya rafiki, ndiyo maana hadi leo kaulimbiu ya jimbo ni Urafiki. Mwanangu akaniuliza na Iringa kwetu maana yake nini, nikamwambia lilinga, kwa Kihehe ni ngome, boma. Akaandika kwenye daftari yake: Texas ni rafiki, Iringa ni ngome. Nilipenda pia kugundua kwamba Mwafrika wa kwanza anayejulikana kukanyaga hapa alikuja mwaka 1528, anaitwa Estevanico, mtu wa Azemmour kule Morocco, mtumwa wa Wahispania, mashua zao ziliharibikia pwani karibu na kisiwa cha Galveston na katika wote waliokuwemo waliokuja kutoka wazima ni watu wanne tu na yeye mmojawapo, wakahangaika miaka karibu minane mpaka wakafika kwa Wahispania wenzao Mexico mwaka 1536. Huyu mtu amefika Texas zaidi ya miaka 90 kabla ya Mayflower, ile meli iliyoleta walowezi wa Kiingereza mwaka 1620. Nilimsimulia binti yangu habari hii mara mbili kwa siku moja.

Ila ikaja karatasi ya mapinduzi ya Texas, enzi ambazo Texas ilikuwa bado ni sehemu ya Mexico. Sababu za walowezi kuasi dhidi ya Mexico, jaza nafasi. Sababu walizopewa ni sheria ya mwaka 1830 iliyozuia wahamiaji zaidi kutoka Marekani, kodi za forodha, Mexico City kuwa mbali, na Santa Anna, rais wa Mexico, kuitupa katiba ya mwaka 1824. Zote ni za kweli, sibishi hata moja. Lakini utumwa haukuwepo pale, hata neno lenyewe halikuwepo kwenye ukurasa.

Sasa kaa ufikirie. Stephen F. Austin alileta familia 300 za kwanza za walowezi kutoka Marekani, na hesabu ya watu ya koloni lake ya mwaka 1825 inaonyesha watu karibu 1,800, kati yao 443 ni watumwa, yaani karibu mmoja kwa kila wanne. Mwaka 1829 rais wa Mexico, Vicente Guerrero, ambaye naye alikuwa na damu ya Kiafrika, alitangaza kufuta utumwa nchi nzima, walowezi wa Texas wakahangaika mpaka wakapewa msamaha wa kuendelea nao. Na walipojitangazia nchi yao mwaka 1836, katiba yao ililinda utumwa waziwazi na ikasema mtu huru mwenye asili ya Afrika haruhusiwi kuishi moja kwa moja Texas mpaka bunge limpe kibali. Mimi na mwanangu, kwa katiba ile, tungehitaji kibali cha bunge. Halafu unamfundisha mtoto wangu kwamba ilikuwa kodi na umbali?

Pamba ndiyo inaunganisha. Ule udongo mweusi, na mabonde ya mto Brazos na mto Colorado, ndiko watumwa walikolimishwa. Sensa ya mwaka 1860 iliwakuta zaidi ya 182,000, karibu asilimia 30 ya watu wote wa Texas. Ukiweka ramani ya udongo juu ya ramani ya watumwa zinakaribia kulingana. Nilimwonyesha binti kwenye ile ramani yetu ya unga, nikaweka kidole, hapa, hapa na hapa, akauliza mbona hatukupaka rangi yao.

Nilimwandikia mwalimu. Niliandika kwa heshima, nikaisoma mara tatu kabla ya kutuma, sikutaka mwanangu aonekane mtoto wa mzazi mgomvi. Na sikuwa mzazi wa kwanza, mwaka 2015 mama mmoja huku huku upande wa Houston alilalamikia kitabu cha jiografia cha mtoto wake ambacho maelezo ya ramani yalisema biashara ya utumwa ilileta "wafanyakazi" kutoka Afrika kuja mashambani, wachapishaji wakakubali kosa wakarekebisha. Na bodi ya elimu ya jimbo mwaka 2018 ilipitisha kwamba kwenye somo la vita vya wenyewe kwa wenyewe watoto wafundishwe kuwa kupanuka kwa utumwa ndio kiini cha vita, kabla ya hapo utumwa ulikuwa unatajwa wa tatu nyuma ya sababu nyingine. Kwa hiyo vitu vinabadilika, ila vinabadilika kwa sababu kuna mtu amesoma karatasi ya mtoto wake.

Mwalimu alijibu vizuri tu. Akasema muda ni mdogo na karatasi zile zinakuja zimeshaandaliwa, ila kama binti yangu anataka anaweza kuchagua mtu wa kumwelezea mbele ya darasa. Wenzake walikuwa wanachagua mashujaa wa mapinduzi yale, Davy Crockett, Sam Houston. Binti alimchagua Joe.

Joe alikuwa mtumwa wa William Travis, yule kamanda wa Alamo, ngome ya San Antonio iliyozingirwa na jeshi la Mexico. Siku 13 za kuzingirwa alikuwa ndani, na alfajiri ya tarehe 6 Machi 1836 ngome ilipoanguka na Travis kufa, Joe alitoka hai, na ndiye aliyekwenda kuwasimulia viongozi wa Texas kilichotokea mle ndani. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kifo cha Travis kimetoka mdomoni mwa Joe. Baada ya kusimulia wakamrudisha kwenye mali za marehemu, kama meza, kama farasi. Tarehe 21 Aprili 1837, siku ambayo Texas ilikuwa inatimiza mwaka mmoja tangu ushindi wa San Jacinto, ile vita ya dakika 18 iliyowapa uhuru wao, siku hiyo hiyo Joe akatoroka.

Mwanangu alipofika hapo kwenye kujiandaa aliacha kusoma, akaniangalia. "Alichagua siku," akasema. Sikuwa nimeiona hivyo mpaka aliposema yeye.

Sasa Jumapili kama kawaida tunampigia mama yangu Iringa kwa WhatsApp, huku asubuhi kule jioni. "Kamwene," anasema bibi, na mjukuu anajibu kamwene kwa lafudhi yake ya Houston ambayo bibi anaipenda sana. Akamsimulia bibi yake habari zote za Joe na Alamo. Bibi akasema na sisi tunaye wetu, mwambie baba yako akusimulie Mkwawa.

Na hapo kwa kweli nilijisikia nimefika nyumbani. Hii historia sikuisoma kwa kujaza nafasi. Shule ya msingi tulikariri mikoa na makao makuu na mazao yake kwa kuimba, Tanga mkonge, Shinyanga pamba, lakini Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tulipelekwa Kalenga kwenye ngome yake kwa miguu tukaliona fuvu lake kwenye kabati la kioo. Nikamsimulia binti yangu Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani wanapita kwenye njia nyembamba na Wahehe wamejificha kwenye majani na mawe, kamanda wao Zelewski akafia pale. Nikamsimulia Kalenga kuanguka mwaka 1894 na miaka minne ya kusakwa porini mpaka mwaka 1898 alipojipiga risasi mwenyewe asikamatwe, wakachukua kichwa chake, na fuvu lake likaandikwa hadi ndani ya mkataba wa Versailles, likarudi mwaka 1954 akakabidhiwa mjukuu wake Adam Sapi. Naongea nimesimama, mikono inatembea, mama yangu kwenye simu anaitikia eeh, eeh.

Nilipomaliza binti akauliza, "Mkwawa naye alikuwa na watumwa?"

Wiki tatu tulikuwa tunafundishana kuuliza swali hilo kila tukikutana na shujaa. Austin alikuwa nao? Travis? Houston? Sasa kauliza la kwetu, kwa sauti ile ile ya kawaida, na mimi nikatafuta pa kukimbilia. Nikaanza kusema ile ilikuwa vita, mambo ya zamani, ni tofauti. Na kweli kuna tofauti, shamba la pamba la Brazos na himaya ya Uhehe si kitu kimoja. Lakini nilijisikia mwenyewe naongea kama ile karatasi ya kujaza nafasi.

Mama yangu ndiye aliyejibu. Alinyamaza kidogo mpaka nikadhani mtandao umekatika, akasema, "Mwambie ukweli mtoto. Bibi yangu mzaa mama, mama yake aliletwa kutoka Usangu. Hakuja mwenyewe." Alitekwa akiwa mtoto, vita vya Wahehe na Wasangu, akakulia Uhehe akaolewa huko, na hakurudi kwao mpaka anakufa. Mimi mtu mzima wa miaka 41 ndio nasikia siku hiyo, kwenye spika ya simu, Houston, kwa sababu mtoto wa darasa la nne kauliza.

Shule tulifundishwa kwamba Merere, chifu wa Wasangu, alishirikiana na Wajerumani, tukamwona msaliti. Nilikaa dawati moja na kijana Msangu na tulikuwa tunamtania kwa hilo, alikuwa anacheka tu. Hatukuambiwa kwamba Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu kwao Utengule, na kwamba mtu aliyefukuzwa kwake anaweza akamshika mkono yeyote anayeahidi kumrudisha. Lugalo bado ni Lugalo, sijapunguza hata chembe ya fahari niliyonayo juu ya siku ile. Ila nilimtafuta yule kijana Facebook wiki hiyo, sasa hivi ana mashamba ya mpunga Mbarali, nikamwandikia, akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao wote ulikuwa ni habari alizosimuliwa na babu yake.

Mwezi wa sita, shule zimefungwa, nilimpeleka binti Galveston. Ni mwendo wa saa moja tu kutoka kwetu na nilikuwa sijawahi kwenda kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya kuchukua kontena bandarini. Mjini kuna kona ya mtaa ambapo tarehe 19 Juni 1865 jenerali Gordon Granger alikuwa na ofisi yake na amri ikatangazwa kwamba watumwa wote wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la rais Lincoln la kuwaacha huru. Hiyo ndiyo Juneteenth, Texas waliifanya sikukuu ya jimbo kuanzia mwaka 1980, Marekani nzima mwaka 2021. Ukuta mzima pale umechorwa picha, na ndani ya picha kuna Estevanico. Binti alimtambua kabla yangu akapiga kelele kama amekutana na mjomba. Tukarudi Houston tukapita Emancipation Park, ekari 10 ambazo watu waliotoka utumwani walichanga pesa zao wakanunua mwaka 1872 ili wapate mahali pao pa kusherehekea siku hiyo. Tulikaa chini ya mti tukala sambusa za mama yake. Miaka 11 napita karibu na hapo.

Ile ramani ya Texas shule waliirudisha mwisho wa mwaka, iko sebuleni juu ya kabati la televisheni, mpini wake na ufa wake, na vijiti vya meno vyenye vibendera vya karatasi: cha San Antonio kimeandikwa maji, cha Alamo kimeandikwa Joe, cha pwani kimeandikwa Estevanico. Nikiwa barabarani ananipigia kuniuliza niko kanda ipi, nikivuka mto Pecos namwambia naingia Milima na Mabonde, anakwenda kuweka kilori cha plastiki juu ya ramani.

Juzi tumeanza nyingine. Vikombe vinne vya unga, kimoja cha chumvi. Bibi yuko kwenye simu, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, anaelekeza: Ruaha Mdogo unapita hapa, Kalenga weka ng'ambo ya mji, Lugalo huku, jiwe la Gangilonga lisimame juu. Binti akasema mkoa umeisha, boksi limejaa. Bibi akasema hapana, Usangu hujauweka, uko kule chini magharibi. Mama yake akaenda kutafuta boksi la pili tukaliunganisha na gundi ya karatasi, na binti akakanda unga mwingine.